Umeambiwa una taifodi mara ngapi mwaka huu?

Hii stori unaijua. Jumatatu umeamka kichwa kinagonga, mwili moto, tumbo linasokota. Kazini ukikosa siku moja hakuna anayekulipa, kwa hivyo unapitia ile maabara ndogo iliyo kando ya steji. Unatolewa damu kidogo, unakaa kwenye benchi dakika kumi, karatasi inatoka: taifodi. Wakati mwingine inakuja na mwenzake, brusela. Unachomwa sindano, unapewa tembe kwenye bahasha ya khaki na unaambiwa urudi kesho na kesho kutwa. Baada ya siku tatu nne uko fiti. Miezi mitatu baadaye kichwa kinagonga tena, unarudi palepale, na karatasi inasema vilevile.

Uliza mbogi yako. Kayole, Pipeline, Githurai, Zimmerman, kila mtu amewahi kuwa na taifodi. Kuna msee atakwambia yeye hupata taifodi kila mwaka, kama vile wengine husherehekea birthday.

Sasa jiulize swali rahisi. Homa ya matumbo ni ugonjwa mkali unaoweza kutoboa utumbo. Je, kweli sote tunaugua ugonjwa huo mara tatu kwa mwaka na bado tunabanana kwenye mathree asubuhi? Ama kuna kitu kwenye ile karatasi ambacho hatujaambiwa?

Jibu liko kwa bakteria wenyewe: hao wa taifodi, na wale wengine wengi ambao hakuna anayewapima kwa sababu hawana shida na mtu.

Wewe ni ploti, na imejaa

Tukisikia neno bakteria, tunafikiria ugonjwa. Lakini bakteria wengi walio mwilini mwako hawajawahi kukukosea. Mnamo 2016 wanasayansi walipiga hesabu upya wakakadiria kwamba mtu mzima hubeba bakteria takriban trilioni 38, ilhali chembe za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wote ukiwaweka kwenye mizani hawafiki hata robo kilo, kwa sababu ni wadogo ajabu. Wengi wao wanaishi kwenye utumbo mpana.

Fikiria ploti ya ghorofa sita kule Pipeline. Kila keja ina mpangaji. Kuna wale wanaopika, kuna wanaofua, kuna mzee wa chini anayejua kila anayeingia na kutoka. Ndivyo utumbo wako ulivyo. Kuna bakteria wanaovunjavunja nyuzinyuzi za sukuma, maharagwe na githeri ambazo tumbo lako pekee haliwezi kuzimeng'enya, kisha wanazigeuza kuwa chakula cha kuta za utumbo. Wengine hutengeneza vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda ukijikata, pamoja na baadhi ya vitamini za kundi B. Wengine hufunza kinga yako kutofautisha adui na rafiki tangu ukiwa mtoto.

Na kuna kazi moja ambayo wote wanaifanya bila hata kujua: wamejaza ploti. Bakteria mbaya akiingia na chakula, anakuta keja zote zimechukuliwa na chakula kimeliwa na wenyeji. Mara nyingi anapita tu hadi chooni.

Watu wetu walijua kuishi na bakteria kabla ya darubini kufika huku. Mursik ya Wakalenjin, maziwa lala, uji uliochachushwa usiku kucha, yote ni kazi ya bakteria. Wanakula sukari iliyo kwenye maziwa au unga, wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoleta ule ukali na kuwazuia vijidudu waharibifu wasizaliane. Kwa hivyo kabla hujatangaza vita dhidi ya bakteria, jua kwamba wengi ni wapangaji wanaolipa kodi.

Mhalifu mwenyewe

Taifodi husababishwa na bakteria mmoja anayeitwa Salmonella Typhi. Huyu ana tabia zake.

Kwanza, anaishi kwa binadamu tu. Hatoki kwa ng'ombe, kuku wala paka wa jirani. Anatoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kwenye mdomo wa mwingine. Hakuna njia ya kusema jambo hilo kwa adabu zaidi. Njia zake ni maji yaliyoingiliwa na maji taka, kachumbari iliyooshwa na maji hayo, au mikono ya mpishi ambaye ametoka chooni bila kutumia sabuni. Smocha yenyewe haina hatia. Tatizo ni maji na mikono.

Pili, hana haraka. Ukimmeza leo, dalili huanza kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine hata zaidi. Kwa hivyo ukila chapo madondo Jumapili usiku halafu uanze kuhara Jumatatu asubuhi, hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa kitu kingine, kama chakula kilichoharibika. Taifodi haifanyi kazi kwa kasi hiyo.

Tatu, ni mjanja. Akipita asidi ya tumbo, anapenya ukuta wa utumbo mwembamba na kuingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zilizoajiriwa kumla. Ni kama mwizi anayejificha ndani ya gari la polisi. Ndani yake anasafirishwa hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa, anazaliana huko, kisha anamwagika kwenye damu. Hapo ndipo homa inaanza. Homa ya taifodi hupanda kidogo kidogo siku baada ya siku, tena haishuki kirahisi. Kichwa kinauma, nguvu zinaisha, tumbo linauma, wengine wanahara na wengine wanafunga choo kabisa. Bila matibabu, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kuvuja damu au kutoboka. Kabla ya dawa za antibayotiki kupatikana, ugonjwa huu uliua mgonjwa mmoja au zaidi kati ya kila kumi.

Nne, kuna watu hupona lakini yeye hahami. Hujificha kwenye kibofu cha nyongo na kuendelea kutoka na choo kwa miaka, mwenyeji akiwa hana hata homa. Maarufu zaidi kati yao alikuwa mpishi wa New York, Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland. Mnamo 1907 maafisa wa afya waligundua kwamba familia nyingi alizowapikia zilikuwa zimeugua taifodi. Walimtenga, wakamwachilia 1910 kwa sharti kwamba asipike tena, na 1915 wakamkuta akipika kwenye hospitali ya kujifungulia kina mama, kwa jina la bandia. Alirudishwa kwenye kisiwa cha karantini na akakaa huko hadi alipofariki 1938. Yeye mwenyewe alikataa hadi mwisho kwamba alikuwa mgonjwa, na ukifikiria vizuri, alijisikia mzima kweli.

Kwa hivyo tusidanganyane: taifodi ipo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo 2019 watu milioni 9 waliugua na 110,000 wakafa. Hapa kwetu watafiti walilinganisha Kibera na eneo la mashambani la Lwak, kaunti ya Siaya, wakipima damu kwa njia inayoaminika. Kibera ilikuwa na taifodi mara nyingi zaidi ya Lwak, na walioathirika zaidi walikuwa watoto. Ni jambo linaloeleweka ukikumbuka mabomba ya maji yanayopita ndani ya mitaro ya maji taka. Ndiyo maana Julai 2025 serikali ilianzisha chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Taifodi ipo, na inaua. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kujua kama ile karatasi ya dakika kumi inasema ukweli.

Kipimo cha 1896

Kipimo kinachotumika kwenye maabara nyingi za mtaani kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mnamo 1896. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwaka huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ndiyo inaanza kujengwa na Nairobi haikuwa mji.

Kinafanya kazi hivi. Mtu wa maabara anachukua sehemu ya maji ya damu yako na kuichanganya na bakteria wa taifodi waliouawa. Ikiwa damu yako ina kingamwili dhidi yao, yaani zile silaha ambazo mwili hutengeneza ukishambuliwa, mchanganyiko unagandamana vipande vipande. Unaandikiwa 1:80 au 1:160 na unaambiwa ndiyo hiyo.

Shida ni kwamba kipimo hakijamwona bakteria yeyote. Kimeona kingamwili, na kingamwili ni kama mabango ya kampeni: uchaguzi ukiisha, bado yako ukutani. Uliwahi kuugua taifodi miaka kadhaa iliyopita? Huenda bango bado lipo. Ulichanjwa? Huenda lipo. Ulipata aina nyingine ya Salmonella, ama una malaria sasa hivi? Bango linaweza kuonekana pia. Kwenye mji ambapo wengi wetu tumewahi kukutana na bakteria wa aina hii kwenye maji, kipimo kimoja cha Widal kinaweza kutoa jibu la ndiyo kwa watu wengi ambao hawana taifodi.

Na kuna upande mwingine. Ukiwa na taifodi ya kweli lakini uko kwenye siku za kwanza za homa, mwili unaweza kuwa bado haujatengeneza kingamwili za kutosha. Karatasi itasema huna.

Kitabu cha daktari kinasema kwamba Widal ifanywe mara mbili, siku saba hadi kumi zikipita katikati, kisha uangalie kama kiwango kimepanda mara nne. Wewe unamjua nani aliyewahi kurudi kupimwa mara ya pili? Mimi simjui hata mmoja.

Brusela nayo ina kesi kama hiyo. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika huko kiliwaambia watu wengi kwamba wana brusela ilhali vipimo bora havikuiona.

Njia inayoaminika ni kumtafuta bakteria mwenyewe. Unatolewa damu, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inahifadhiwa kwenye joto kama la mwili, na maabara inangoja kuona nini kitamea. Watu wa hospitali wanaiita kalcha. Akimea, wanamjua kwa jina na wanamjaribu na dawa tofauti ili kuona ni ipi inamuua. Huo ndio ushahidi.

Kalcha nayo ina udhaifu wake. Inachukua siku kadhaa, ni ghali kuliko Widal, haipatikani kila mahali, na hata ikifanywa vizuri huwakosa wagonjwa wengi wa taifodi kwa sababu bakteria kwenye damu huwa wachache. Ukiwa umeshameza antibayotiki kabla ya kutolewa damu, inawakosa zaidi. Ndiyo maana daktari mzuri wakati mwingine huanza matibabu kwa kuangalia dalili na historia yako, bila kungoja. Tofauti ni kwamba yeye amekuuliza maswali, amekugusa tumbo, amepima malaria kwanza, na anajua kwamba anakisia.

Mbona basi tunapona?

Hapa ndipo wengi hubisha. "Lakini nilichomwa sindano na nikapona!"

Sawa. Homa nyingi zinazotupata mjini ni za virusi, na mwili huzimaliza wenyewe kwa siku tatu hadi tano. Ukidungwa siku ya pili na upone siku ya nne, sindano inachukua sifa zote. Ungekunywa maji, ulale na umeze tembe za kushusha homa, kuna uwezekano mkubwa ungepona siku hiyo hiyo. Antibayotiki haina kazi yoyote kwa virusi.

Hasara kubwa iko kwa yule ambaye hana homa ya virusi. Msee ametoka Busia ama Homa Bay kwa mazishi, amerudi Nairobi, wiki moja baadaye ana homa. Akitibiwa taifodi ilhali ni malaria, siku tatu za kupoteza zinaweza kuwa tofauti ya kuishi na kufa. Ama dada mwenye maambukizi ya njia ya mkojo yanayopanda hadi kwenye figo. Ama mtu mwenye nimonia.

Rafiki yangu mmoja wa boda aliambiwa ana taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara ilikuwa tumbo: linachoma usiku, linatulia akila, linarudi. Kila mara alipewa antibayotiki na tembe za maumivu, zile zile ambazo hukwaruza tumbo zaidi. Alikuwa ametumia doo ya kutosha kununua tairi mbili. Mara ya nne alienda kwingine, afisa wa kliniki akamuuliza maswali kwa robo saa kisha akaagiza choo chake kipimwe kwa ajili ya Helicobacter pylori. Alikuwa naye.

Huyo pia ni bakteria, na stori yake ni tamu. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema hapana, kuna bakteria anayeishi kwenye asidi ya tumbo. Hawakuaminiwa. Mnamo 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kutapika, na tumbo lake lilipochunguzwa kwa kamera likakutwa limevimba. Mnamo 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Leo vidonda vingi vya tumbo vinatibika kwa dawa za antibayotiki mbili ama zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa hadi wiki mbili.

Msee wangu alipewa dozi hiyo, akaimaliza, na tumbo likatulia. Alihitaji antibayotiki kweli. Ila si zile alizokuwa akipewa, wala si kwa ugonjwa ule.

Sindano haichagui

Antibayotiki ikiingia mwilini haiulizi nani ni mhalifu na nani ni mpangaji. Ni kama msako wa usiku kwenye ploti: wote wanabebwa kwenye lori. Ndiyo maana baada ya dozi kali unahara, na dada wengi hupata fangasi ukeni, kwa sababu bakteria waliokuwa wakiwazuia fangasi wameondolewa. Keja zikibaki wazi, anaweza kuhamia mpangaji mbaya kama Clostridioides difficile, anayeleta kuhara kubaya na ambaye antibayotiki nyingi hazimtikisi.

Wapangaji wengi hurudi baada ya wiki ama miezi. Shida kubwa zaidi ni wale waliobaki hai.

Bakteria wa kawaida kama E. coli, mazingira yakiwa mazuri, huweza kugawanyika mara mbili kila dakika 20. Mmoja akianza saa mbili asubuhi, kufikia saa tisa alasiri wamepita milioni mbili. Kwenye umati huo, wachache huzaliwa na makosa madogo kwenye vinasaba vyao, na kosa moja linaweza kumkinga dhidi ya dawa. Ukimeza dawa, wenzake wanakufa, yeye anarithi ploti nzima.

Wanafanya hata zaidi ya hapo. Bakteria hupeana ujuzi. Wana vipande vidogo vya vinasaba vya mviringo wanavyoweza kumpa jirani, hata wa ukoo tofauti. Ukitaka kuelewa, kumbuka mwakenya kwenye mtihani. Mmoja ana majibu kwenye kikaratasi, anampitishia wa nyuma, naye anampitishia mwingine, na dakika chache baadaye darasa zima limepita. Mpangaji wako asiye na hatia, aliyejifunza kuhimili dawa kwa sababu ulimeza tembe mbili za mafua, anaweza kumpa mwakenya bakteria wa taifodi anayepita siku nyingine.

Hii si nadharia. Dawa ya kwanza kutibu taifodi, kloramfenikoli, ilianza kutumika 1948 na ilionekana kama muujiza. Mnamo 1972 Mexico ilipata mlipuko mkubwa wa taifodi isiyosikia dawa hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI hapa Nairobi, akiwemo Profesa Samuel Kariuki ambaye ameifuata kesi hii kwa miongo, walikuwa wanakuta taifodi isiyosikia dawa tatu za zamani kwa pamoja. Tukahamia dawa za kizazi cha siprofloksasini, na nazo zikaanza kupoteza makali. Tukahamia sindano ya seftriaksoni, hiyo hiyo unayochomwa leo kando ya steji.

Halafu 2016 mkoa wa Sindh nchini Pakistan ukapata taifodi isiyosikia hizo zote. Wanasayansi walipochunguza vinasaba vyake walikuta kwamba mwakenya wake ulifanana na ule wa E. coli, mpangaji wa kawaida wa utumbo. Madaktari wakabaki na tembe za azithromaisini na dawa chache za sindano ambazo ni ghali. Azithromaisini ikianguka, taifodi itabaki kuwa ugonjwa wa kulazwa hospitalini na kulipa pesa ambazo wengi wetu hatuna.

Si taifodi pekee. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema kwamba mnamo 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowaambukiza hawakusikia dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mnamo 1928, alionya kuhusu jambo hili kwenye hotuba yake ya Nobel ya 1945. Alihofia siku ambayo dawa ingeuzwa dukani na mtu kumeza kidogo tu, kiasi cha kuwafunza vijidudu badala ya kuwaua. Ukisimama kwenye kemisti yoyote ya mtaa saa moja jioni na kusikiliza watu wakiomba "amoksi mbili na ya kuumwa na kichwa", siku hiyo ilishafika.

Usilaumiwe peke yako

Ni rahisi kuandika hapa kwamba vijana ni wajinga wa kumeza dawa ovyo. Si kweli. Hospitali ya umma ina laini ya kuanzia alfajiri. Kazi ya mkono haina likizo ya ugonjwa. Maabara ya steji imefunguliwa hadi usiku, inakusikiliza, na inakupa jibu lenye jina. Binadamu anapenda ugonjwa wenye jina. "Una taifodi" inaridhisha kuliko "ni virusi, nenda ukapumzike."

Na anayeuza naye ana kodi ya kulipa. Kisheria antibayotiki hapa Kenya zinafaa kutolewa kwa maagizo ya daktari, lakini asiyeuza anajua kwamba utavuka barabara na kununua kwa jirani. Kipimo kinachosema ndiyo kila mara ni biashara nzuri kuliko kipimo kinachosema ngoja.

Lakini kuna mambo unaweza kufanya bila kungoja serikali.

Kabla ya kukubali taifodi, uliza maswali matatu. La kwanza: "Umepima malaria?" Hasa ikiwa umetoka Pwani, Nyanza ama Magharibi hivi karibuni. La pili: "Hiki kipimo ni Widal ama ni kalcha?" La tatu: "Ni nini kingine kinaweza kuwa kinaniumiza?" Mhudumu anayejua kazi yake hatakasirika.

Ukipewa nafasi ya kufanya kalcha na una uwezo wa kulipa, damu itolewe kabla ya kumeza antibayotiki yoyote.

Mafua, koo la kukwaruza na kikohozi cha siku mbili, mara nyingi ni virusi. Acha amoksi dukani. Na usigawane dawa zilizobaki za rumeti wako, kwa sababu hata yeye hakufaa kuwa na zilizobaki.

Ukiandikiwa antibayotiki na mtu aliyekuchunguza, zimeze kwa saa zilizowekwa na kwa siku alizosema. Dozi ya nusu ndiyo shule ya bakteria.

Homa ikipita siku tatu, ama ukianza kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kuona damu kwenye choo ama tumbo kuwa gumu na lenye maumivu makali, usiende steji. Nenda hospitali iliyo na vitanda.

Maji ya kunywa yachemshe ama uyatie dawa, hata yakiwa ya mfereji. Osha mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula. Wadogo zako wasikose chanjo ya taifodi. Halafu lisha wapangaji wako: maharagwe, ndengu, mboga, matunda, glasi ya maziwa lala. Ni chakula cha kawaida, na kinapatikana kwa kibanda cha mama mboga pale chini.

Kuhusu ile karatasi yako ya 1:160, usiitupe. Ibebe siku utakapomwona daktari na umwambie ulipimwa lini, ulipewa dawa gani, na ilikuwa mara ya ngapi. Hiyo mara ya ngapi itamsaidia kuliko namba iliyoandikwa.